Mita Hamsini za Mshika Kibendera

Beki akiupiga mpira kutoka kwenye eneo lake la hatari, ukapaa juu ya vichwa vya viungo ukielekea kule mbele aliko straika, uwanja mzima hufanya jambo moja: huinua macho. Makocha huinua. Wachezaji wa akiba huinua. Mama anayechoma mahindi nyuma ya goli naye huacha kupepea makaa. Ni mtu mmoja tu asiyeinua. Yuko ubavuni mwa uwanja, kibendera mkononi, macho kayakaza kwenye mgongo wa beki, na mpira kwake ni habari ya kusikia.

Nimemtazama mtu huyo kwa miaka, hasa kwenye viwanja vya huku Ukambani, na msimamo wangu ni huu: kumhukumu mshambulizi kwenye pasi ndefu ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kandanda, na ndiyo isiyo na shukrani hata chembe. Kipa akipangua penalti hubebwa juu juu. Mshika kibendera akipatia, mchezo unaendelea na hakuna aliyegundua kwamba alikuwapo. Akikosea, hata ng'ombe wa jirani watatajiwa jina la mama yake.

Nunguni ni mahali pazuri pa kujifunza kumtazama. Mji huu uko juu ya milima ya Kilungu, eneo bunge la Kaiti, kaunti ya Makueni. Wageni wanaodhani Makueni yote ni joto na mibuyu hufika hapa mwezi wa Julai wakaanza kuulizia sweta. Ardhi tambarare ni adimu. Mashamba yamekatwa matuta kutoka bondeni hadi kileleni, na viwanja vya mpira vimechongwa kwenye miteremko hiyo hiyo, kwa hivyo upande mmoja huwa juu ya mwingine hata kama wenyeji watakuapia kwamba ni sawasawa. Katika viwanja vya namna hii pasi fupi ya chini haina maisha. Itakutana na jiwe, au kishungi cha nyasi, au itateremka yenyewe hadi nje. Kocha mwenye akili huwaambia vijana wake wapige mbele, wakimbie. Ndiyo sababu mshika kibendera wa milimani hapati alasiri ya kupumzika.

Sheria yenyewe ni fupi. Ni Sheria ya 11. Mchezaji yuko kwenye nafasi ya kuotea ikiwa sehemu yoyote ya kichwa, mwili au mguu wake iko ndani ya nusu ya wapinzani, na iko karibu zaidi na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi, hata ya kipa. Zamani walihitajika wapinzani watatu. Mwaka 1925 wakapunguzwa wakawa wawili, na mabao yakafunguka. Tangu 1990, aliye sambamba na mpinzani huyo wa pili hajaotea. Halafu linakuja lile sharti dogo linalomnyima mshika kibendera usingizi: kinachohukumiwa ni pale mshambulizi alipokuwa wakati mwenzake anaugusa mpira. Pale alipo mpira unapomfikia hapana uzito wowote.

Kwa pasi ya mita 5 hilo ni jepesi, maana mpigaji na mpokeaji wote wamo ndani ya jicho moja. Kwa pasi ya mita 50 kuna matukio mawili yanayotokea papo hapo, moja huku na jingine kule, na jicho haliwezi kuwa kote kuwili. Daktari mmoja Mhispania, Francisco Belda Maruenda, aliandika kuhusu jambo hili katika jarida la BMJ mwaka 2004. Alipiga hesabu ya muda ambao jicho huhitaji kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine na kutulia hapo, akahitimisha kwamba jicho la binadamu haliwezi kuwaona wahusika wote kwa wakati mmoja, na kwamba makosa hayaepukiki. Ni hoja nzito. Lakini mshika kibendera hodari alishaipatia dawa kabla daktari hajaiandika: hahamishi macho. Anaacha sikio lifanye nusu ya kazi.

Mchunguze, mpira ukiwa bado miguuni mwa beki wa nyuma. Mshika kibendera humtupia jicho huyo mpigaji, mara moja, haraka. Anatafuta dalili. Kichwa kimeinuka? Mguu wa kupiga umevutwa nyuma? Bega limefunguka? Dalili zikitimia, macho yanaondoka pale kabla buti halijagusa ngozi, yanarudi kwenye mstari wa mabeki na kubaki huko. Kisha anasubiri mlio. Buti likilia, anapiga picha kichwani: nani alikuwa wapi, nani mbele ya nani, bega la nani limetokeza. Baada ya hapo hata wakimbie vipi, wapishane vipi, yeye anahukumu ile picha. Ukimwuliza mpira uliruka juu kiasi gani, huenda asijue.

Hapo pia pana mtego, na ndipo ninapovua kofia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Beki akipiga akiwa mita 50 kutoka kwa mshika kibendera, mlio unamfikia baada ya karibu sehemu ya saba ya sekunde. Ni kidogo mno, utasema. Lakini straika aliyeshika kasi hukata mita 7 au 8 kwa sekunde, kwa hivyo katika kipande hicho cha muda keshasogea zaidi ya mita 1. Na ikiwa mabeki wanapanda mbele kwa pamoja ili kumtega, pengo linakua pande zote mbili. Maana yake, mlio unaotoka mbali ni habari iliyochelewa, na anayeusikiliza lazima arudishe picha nyuma kidogo kulingana na umbali wa mpigaji. Hesabu hii haiandikwi ubaoni kwenye kozi za marefa. Inaingia mwilini kwa kurudiwa, mechi baada ya mechi.

Sasa miguu. Ufundi huu watu huuita wa macho, ila macho hayana faida kama miguu imeyapeleka mahali pasipofaa. Simama mwisho wa shamba la mahindi yaliyopandwa kwa mstari. Ukiwa sawa na mstari, unaona bua moja tu, mengine yote yamejificha nyuma yake. Piga hatua moja kando na mabua yote yanajitokeza, kila moja likionekana limepitana na jirani yake ingawa hakuna lililosogea. Hicho ndicho kinachompata mshika kibendera aliyepitiliza mstari au aliyeachwa nyuma.

Tuseme beki wa kuhesabiwa yuko mita 15 kutoka mstari wa pembeni, na straika yuko mita 45, upande wa ng'ambo. Mshika kibendera amepitiliza mita 1 kuelekea goli. Mstari wa macho yake ukipitia kwa beki na kuendelea hadi kwa straika, utakuwa umekwenda mshazari na kuangukia mita 2 nyuma ya pale panapostahili. Straika aliye nyuma ya beki kwa mita 1 na nusu, halali kabisa, ataonekana ameotea. Wabadilishe nafasi, straika awe upande wa karibu na beki upande wa mbali, na yule aliyeotea kwa nusu mita ataonekana msafi. Mshika kibendera akiwa nyuma ya mstari badala ya mbele, makosa yanageuka yote. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Raoul Oudejans walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba makosa mengi ya kuotea yanafuata hesabu hii hasa: wasaidizi wa refa walikuwa na mazoea ya kusimama kupita kidogo beki wa mwisho. Baadaye Werner Helsen na wenzake wa Ubelgiji walileta maelezo mengine, kwamba ubongo humwona mtu anayekimbia akiwa mbele kidogo ya pale alipo kweli. Sidhani wanapingana. Mshika kibendera maskini anabeba mizigo yote miwili.

Kwa nini apitilize? Kwa sababu mabeki hupanda ghafla. Yuko nao sambamba, wanaona mwenzao anataka kupokonya mpira, wanaruka mbele hatua tatu kwa mpigo mmoja, na yeye anabaki upande wa goli. Dawa yake ni zile hatua za ubavu, ambazo mashabiki huzicheka. Anauelekeza uso na kifua uwanjani, magoti yamelegea, visigino havigusi chini, na anasogea kushoto au kulia bila kuvuka miguu. Mtihani wa FIFA wa washika vibendera una sehemu iliyotungwa kwa ajili ya mwendo huu: mita 10 za mbio kwenda mbele, mita 8 za ubavu upande mmoja, mita 8 za ubavu kurudi, kisha mita 10 za mbio tena, yote kwa sekunde 10 hivi. Jaribu nyumbani uone mapaja yatakavyolalamika.

Hatua za ubavu zinafaa mpaka pasi ipigwe. Ikishapigwa na straika akatoka halali, mambo yanakuwa mbio, na hakuna binadamu anayemkimbiza winga kwa mwendo wa ubavu. Hapo lazima ageuke. Kugeuka huku ndiko kunakomtofautisha mjuzi na mwanagenzi. Mwanagenzi hugeuza mwili wote akakimbia kama mtu anayewahi matatu, na kwa sekunde nzima haoni kitu. Mjuzi hugeuza nyonga na miguu, shingo inabaki uwanjani. Anakimbia mbele akitazama kushoto. Kibendera kiko mkono wa kushoto pia, upande wa uwanja, kikiwa kimekunjuliwa ili refa akione akiwa mbali. Ikibidi kukiinua kwa kuotea, anakihamishia mkono wa kulia chini kiunoni, hakibadilishi kikiwa hewani, halafu anasimama wima na kukipandisha moja kwa moja. Refa akipuliza, kibendera kinashuka na kuonyesha mahali: juu kwa mshazari ikiwa kosa ni upande wa mbali, sawa na bega ikiwa ni katikati, chini ikiwa ni karibu. Yule anayekipunga kama anafukuza nzi anatangaza wasiwasi wake kwa uwanja mzima.

Desemba iliyopita, msimu ambao waliotawanyika Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani na kila kata huwa na kombe lake, nilimkuta Nunguni mshika kibendera mmoja wa kuhadithiwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote walimwita hivyo, Mwalimu, hata walipokuwa wanamtukana. Kabla ya mechi alitembea nusu yake yote ya uwanja, kutoka mstari wa katikati hadi kibendera cha kona, mita 50 hivi. Alipiga teke mawe mawili yakaingia kwenye mtaro. Alipofika mahali palipobonyea alisimama, akarudi nyuma, akapakimbia mara mbili ili mguu upajue. Mstari ulikuwa wa majivu na ulikuwa umekwishaanza kufutika. Kisha akatazama ng'ambo kwa muda. Baadaye nilielewa: viwanja vya Ulaya hufyekwa nyasi kwa mistari inayomsaidia msaidizi kujua kama yuko sawa, huyu alikuwa anahesabu mikaratusi iliyo upande wa pili. Wa kwanza uko karibu sawa na mwanzo wa eneo la hatari, wa tatu katikati. Alikuwa amejipimia rula ya miti.

Alikuwa upande wa chini wa mteremko, upande mbaya. Ukiwa juu unawaona wachezaji wametengana. Ukiwa chini wanapandana, wa karibu anamziba wa mbali. Na washika vibendera hawabadilishani pande. Timu hubadilishana magoli wakati wa mapumziko, yeye anabaki na kipande kile kile cha ardhi dakika 90, washambulizi wa kipindi cha kwanza wakiwa wengine na wa kipindi cha pili wengine.

Kipindi cha pili kipa wa wageni aliupiga mpira akiwa ameudaka, kutoka mikononi. Upepo wa mlimani ukaupokea. Kule mbele walikuwapo washambulizi wawili. Mmoja, mwenye jezi namba 9, alikuwa amesimama wazi nyuma ya mabeki, ameotea hata kwa kipofu. Mwingine alikuwa anatokea kulia, nyuma ya mstari, kasi yote. Mpira ukaelekea katikati yao.

Upande wetu wote ulilipuka. Mwalimu! Kibendera! Mwalimu, umelala? Kijana mmoja alimpigia kelele sikioni, maana mashabiki walikuwa wamesimama juu ya mstari wenyewe. Mwalimu hakuinua. Alipiga hatua tatu za ubavu, akageuka, akaanza kukimbia shingo ikiwa uwanjani, na kibendera kikabaki chini. Namba 9 alichukua hatua mbili kuuendea mpira, akasita, akarudisha mikono nyuma, akasimama. Yule wa kulia akampita, akauchukua, akamzunguka kipa na kufunga. Mwalimu alimtazama refa, kisha akakimbia kuelekea mstari wa katikati. Hiyo ndiyo ishara ya bao halali.

Kelele zilichukua muda kutulia. Lakini kuwa kwenye nafasi ya kuotea si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo ukiwa pale. Namba 9 hakuugusa mpira wala hakumzuia beki. Kama kibendera kingepanda mapema, bao safi lingeuawa. Kama kingepanda baada ya bao, pasingekuwa na usalama wa mtu. Mechi ilipokwisha nilimfuata akiwa anavua buti kwenye nyasi.

“Mwalimu, ulijuaje namba tisa hataucheza?”

“Sikujua, kaka,” akasema. “Nilingoja.”

Akaendelea kufungua kamba za buti.

Kungoja huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Kwenye viwanja vyenye VAR, yaani refa wa video, msaidizi huagizwa acheleweshe kibendera hadi shambulizi liishe, kwa sababu kuna watu ndani ya chumba watakaotazama marudio. Kenya ilipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda mwezi Agosti 2025, tuliiona mitambo hiyo kwenye uwanja wa Kasarani. Mwalimu wa Nunguni anangoja bila chumba chochote nyuma yake. Anangoja sekunde moja au mbili tu, hadi ajue nani anaucheza mpira, na hukumu yake haina rufaa.

Kuna jambo jingine kuhusu kipa ambalo limewaponza wengi. Mpira ukipigwa kutoka mikononi, kuotea kupo. Ukipigwa kama mpira wa goli, kutoka ndani ya boksi dogo ukiwa umetulia, kuotea hakupo. Vilevile kwa kona na kwa mpira wa kurushwa. Mashabiki wengi hawana habari, na nashuku mabeki kadhaa pia. Mfano bora ni mechi ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Uingereza kule Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 27 Juni 2010. Bao la kwanza lilitoka kwa kipa Manuel Neuer: alipiga mpira wa goli ukavuka uwanja, Miroslav Klose akauwahi mbele ya mabeki na kufunga. Hapakuwa na haja ya kuangalia mstari wowote.

Watu wengi huikumbuka mechi hiyo kwa tukio jingine, shuti la Frank Lampard lililogonga mwamba, likadunda ndani ya goli na kurudi nje, na bao likakataliwa. Waingereza humlaumu mshika kibendera hadi leo. Mimi humtetea. Shuti lilitoka nje ya eneo la hatari, na wajibu wake wakati huo ulikuwa kukaa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho. Mpira uliopigwa hivyo hufika golini kabla mtu hajamaliza hatua tatu. Alikuwa mahali alipotakiwa awe, na pale alipotakiwa awe hapakumwonyesha mstari wa goli. FIFA ilielewa hivyo hatimaye: Kombe la Dunia lililofuata, Brazil 2014, lilikuwa na teknolojia ya mstari wa goli.

Nimesema machache juu ya refa mwenyewe, na katika pasi ndefu kwa kweli hana mengi ya kufanya ila kukimbia. Mpango wa kukata uwanja kwa mshazari, refa akienda kona hadi kona na wasaidizi wakichukua nusu zilizobaki, ulienezwa na Mwingereza Stanley Rous katika miaka ya 1930, kabla hajawa rais wa FIFA mwaka 1961. Lengo ni mchezo uwe kati ya refa na msaidizi wake, kila mmoja auone kutoka upande wake. Mpira wa mita 50 unauvunja mpango huo kwa pigo moja. Refa anabaki mita 30 nyuma, anapanda mlima wa Kilungu kwa miguu yake miwili, na kwa sekunde nne au tano nchi yote ya mbele iko chini ya mamlaka ya mshika kibendera: kuotea, madhambi karibu na boksi, kona au mpira wa goli, na kama umevuka mstari au la. Refa mzuri anakimbia akimtazama msaidizi wake kuliko anavyoutazama mpira.

Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, FIFA ilifunga kamera 12 chini ya paa la kila uwanja. Zilimfuata kila mchezaji kwa nukta 29 za mwili wake, mara 50 kwa sekunde. Hata hivyo kamera hazikutosha. Ilibidi waweke kifaa ndani ya mpira chenye kutuma habari mara 500 kwa sekunde, ili mtambo ujue ni lini hasa mguu umeugusa. Wahandisi wote wale, na fedha zote zile, walirudi kwenye swali lile lile ambalo Mwalimu analijibu kwa sikio: umepigwa saa ngapi?

Wapo wa kwetu waliofika mbali kwa ufundi huu. Mary Njoroge wa Kenya alishika kibendera kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2019 huko Ufaransa. Gilbert Cheruiyot amekishika kwenye fainali za AFCON, mashindano ambayo Mkenya mwenzake Peter Waweru amepuliza kipenga, naye ni mhadhiri wa hisabati katika chuo kikuu cha JKUAT. Nadhani ile hesabu ya mistari ya mshazari haimpi taabu. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume, Zimbabwe na Guinea, Januari 2022, na mwaka huo huo akawa kwenye orodha ya marefa wa Qatar. Watu kama hao huanzia kwenye viwanja visivyo na nyasi, mbele ya mashabiki wasiojua Sheria ya 11.

Na kwa mashabiki hao, mimi nikiwemo, nina ombi moja. Ukienda kutazama mpira Nunguni, au Wote, au Kitui, au uwanja wowote usio na uzio, usisimame juu ya mstari wa pembeni. Rudi nyuma hatua mbili, mrudishe na mtoto wako, na mwambie wa bodaboda aegeshe pikipiki kwingine. Mtu anayekimbia mbele huku akitazama kando hawezi kukuona, na njia anayoihitaji haizidi upana wa mita 1 na nusu.